Ukirudi kwenu, omba jembe

Saa nne asubuhi, siku ya bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko siku nyingine, bahari ya Sahare, hapa Tanga, huwa imekwenda mbali. Pale ambapo alfajiri madau yalikuwa yakielea panabaki tope jeusi linalong'aa kwa jua, kaa wanakimbilia mashimoni mwao, na harufu ya chumvi iliyochanganyika na majani yaliyooza inakupanda puani. Jumamosi moja ya mwezi wa kumi nilikuwa katikati ya tope hilo na watu wapatao ishirini, kila mmoja na fungu lake la miche ya mkoko kwapani. Nilikuwa nimejifunga kanga kiunoni, miguu peku, tope limenifika nusu ya muundi.

"Mama, ncha iende chini," kijana mmoja aliniambia. "Hiyo umeishika kichwa chini, haitaota."

Niligeuza mche. Mbegu ya mkoko huanza kuota ikiwa bado inaning'inia mtini. Hurefuka ikawa kama kijiti cha kijani, kisha huanguka na kujichomeka topeni yenyewe. Anayepanda kwa mkono huiga hayo hayo: anachomeka theluthi ya kijiti ardhini, anashindilia kando kwa kisigino, anapiga hatua moja, anachomeka kingine. Ni kazi ya kujifunza kwa dakika tano. Mimi ilinichukua miezi mitano tangu kurudi Tanga hadi kufika kwenye tope lile, na sababu ya kuchelewa kwangu ndiyo iliyonifanya niandike makala haya.

Waja leo, waondoka leo

Nilizaliwa Ngamiani, kwenye zile barabara zinazoitwa kwa namba, mwaka 1964. Ndio mwaka ambao mkonge wa nchi yetu ulifika kileleni, zaidi ya tani 200,000. Zao hilo, ambalo miche yake ililetwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, ndilo lililoinenepesha Tanga niliyoikuta: maghala yamejaa, meli zinasubiri zamu bandarini, treni zinashuka na marobota kutoka mashambani. Kisha nyuzi za viwandani zikaingia kwenye soko la dunia, bei ikaanguka, mashamba mengi yakabadilisha mikono, na uzalishaji ukaporomoka mwaka hadi mwaka. Vijana wa rika langu tulipomaliza shule tulikuta kazi za baba zetu hazipo tena. Tukapanda mabasi.

Mimi niliondoka mwaka 1987. Mwaka uliofuata timu ya kwetu, Coastal Union, ikatwaa ubingwa wa Tanzania Bara, na habari hiyo niliipata redioni nikiwa chumba cha kupanga Magomeni. Nililia kwa furaha peke yangu, maana jirani zangu wote walikuwa wa Simba na Yanga. Miaka yote niliyokaa Dar es Salaam nikiandika vitabu vya hesabu za watu, nilijiambia kwamba siku nikirudi nyumbani nitakuta kila kitu kinaningoja.

Nilipotimiza miaka 60, umri wa kustaafu kwa lazima, nilifunga vyombo. Kutoka Dar hadi Tanga ni kilomita 350 hivi, unapita Chalinze, unakata Segera, unaona machungwa ya Muheza yamepangwa kando ya barabara, na roho inatulia. Wiki ya kwanza ilikuwa ya karamu. Nilipikiwa bada kwa samaki wa kupaka, nikaletewa mkate wa sinia, madafu na halua. Wiki ya pili wageni wakapungua. Wiki ya tatu nilikaa barazani peke yangu tangu asubuhi hadi adhuhuri, nikiangalia baiskeli zikipita, na kila aliyenisalimu alitanguliza heshima ambayo sikuwa nimeiomba: "Shikamoo, mama wa Dar. Unarudi lini?"

Swali hilo lilinichoma. Nimerudi, nirudi wapi tena? Lakini muulizaji hakuwa na kosa. Tanga inajulikana kama mji wa waja leo waondoka leo, na watu wake wamewaona watoto wao wengi wakija kwa Idi, wakija kwa msiba, wakija kupima kiwanja, kisha wakaondoka. Mtu akishazoea kukuona mgeni, hata ukileta makabati na kitanda bado anakuhesabu mgeni.

Jioni nilikuwa napiga simu Dar. Wenzangu waliniuliza habari za nyumbani, nami nikajibu kwamba ni nzuri. Kumbe nilikuwa na upweke mzito kuliko ule wa Magomeni mwaka 1987, kwa sababu wakati ule nilikuwa na kwetu pa kupakumbuka.

Mbuzi ya nazi

Mwezi wa pili tangu nirudi, mzee wa nyumba ya tatu kutoka kwangu alifariki. Nilivaa, nikaenda, nikaketi jamvini na kina mama. Nilikuwa nimezoea desturi ya mjini: unatoa mkono wa pole, unaandika jina na mchango wako kwenye daftari, unaaga. Nikiwa najiandaa kusimama, alitokea mlango wa uani bibi mmoja ambaye ananijua tangu nikibebwa mgongoni. Mikono yake ilikuwa imejaa machicha. Hakunipa pole wala salamu. Alinisogezea mbuzi ya kukunia akasema, "Kaa hapa mwanangu. Nazi bado ishirini."

Nilikuna nazi siku hiyo, nikakuna kesho yake, nikakuna mpaka siku ya tatu ilipoanuliwa tanga. Mikono iliniuma. Lakini uani kule, kati ya masufuria na moshi, nilisimuliwa miaka yote niliyoikosa: nani kaoa, nani kaachika, nani katangulia mbele ya haki, shamba la nani limeuzwa, mtoto wa nani sasa ni daktari. Hakuna aliyekaa chini kunipa habari hizo kwa makusudi. Zilikuja zenyewe, kama zinavyokuja kwa mtu aliye kazini na wenzake. Siku ya nne, nikitoka sokoni Mgandini, niliitwa kwa jina langu la utotoni. Lile la "mama wa Dar" lilikuwa limebaki msibani.

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tangu nikiwa mdogo nilidhani methali hiyo inamsema mgeni mvivu anayemaliza chakula cha watu. Kwenye mbuzi ile niliielewa upya. Jembe ni hisani anayofanyiwa mgeni. Mtu asiyepewa jembe hubaki mgeni, hata akae miaka kumi, hata akiwa amezaliwa mtaa ule ule. Anayetumwa ndiye mwenyeji.

Na jambo hili pwani lina mizizi mirefu kuliko neno lenyewe la kujitolea. Katika Uislamu kumwosha maiti, kumswalia na kumzika ni faradhi ya kifaya: wakifanya baadhi, imewatoka wote, wasifanye hata mmoja, lawama ni ya mji mzima. Ndiyo maana kaburi halikosi wachimbaji na uani hapakosi wakunaji. Watu hawangoji tangazo. Wanasikia, wanakwenda.

Kuutembelea mji wako

Kutokana na kina mama wa uani ule tulipata kundi la watu kumi na wawili: wajane wawili, mfanyakazi mstaafu wa reli, fundi cherehani, mwalimu wa shule ya msingi, vijana watatu wa mtaani, na wengine kama mimi waliorudi kutoka Dar, Arusha na Mombasa. Tulikubaliana jambo moja dogo: kila mwezi tutachanga nauli na chakula, twende mahali tunapopasikia kila siku lakini hatujakanyaga kwa miaka mingi.

Tulianza na Mapango ya Amboni, kilomita nane hivi kaskazini mwa mji, karibu na kijiji cha Kiomoni. Ni mapango ya mawe ya chokaa, na humo ndani giza lake si la usiku. Ukizima tochi huoni hata kiganja ulichokiweka mbele ya uso. Popo wanapiga mbawa juu, njia inabana mpaka unapita ubavu ubavu, na mahali fulani utakuta sadaka za watu waliokuja kuomba kwenye mzimu wa Mabavu. Mwongozaji alipotaja jina la Osale Otango, aliyejificha humo na mwenzake Paulo Hamisi miaka ya 1950 wakisakwa na serikali ya kikoloni, yule mstaafu wa reli alimkatiza kwa adabu, akaanza kusimulia alivyosikia kwa baba yake. Mwongozaji akanyamaza, akatoa kalamu. Tangu siku ile mzee huyo ameitwa mara mbili kwenda kuzungumza na waongozaji vijana.

Tulikwenda Tongoni, kilomita 17 hivi kusini, njia ya Pangani. Kuna gofu la msikiti wa kale na makaburi kama 40, mengine yakiwa na nguzo, yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe karne nyingi kabla ya Mjerumani kuja. Bahari inazidi kusogea. Tulimwomba msimamizi wa eneo atuambie tusaidie nini, naye akatuambia wazi kwamba kuta zisiguswe na mtu asiye fundi, ila njia ya kuingilia imejaa chupa na takataka. Tukaisafisha, tukatandika mkeka chini ya mti, tukala wali wa nazi.

Tulikwenda Machui, kwenye kaburi la Shaaban Robert. Kila Mtanga anajivunia kwamba mshairi huyo alizaliwa Vibambani mwaka 1909, lakini katika kundi letu waliokuwa wamewahi kufika kaburini kwake walikuwa wawili tu. Mimi nilisimama pale nikiwaza jambo ambalo sikulifikiria shuleni. Shaaban Robert alikuwa karani. Alifanya kazi ya forodha, akahamishwa huku na huku, akafika mpaka Mpwapwa, kisha akarudi kutumikia ofisi za Tanga, na akiwa hapa akaendelea kuandika. Alikuwa mmoja wetu tulioondoka tukarudi, naye alirudi na kazi mkononi.

Siku nyingine hatuendi mbali. Jumapili jioni tunapunga upepo Raskazone, watoto wanaoga, sisi tunatafuna mihogo ya kukaanga na kusikiliza redio ndogo ya fundi cherehani, ambayo haikosi taarabu za Black Star na Lucky Star, vikundi vya mji huu vilivyomlea Bibi Shakila Saidi. Ikiwa Coastal Union iko nyumbani tunakwenda uwanja wa Mkwakwani. Wapo kati yetu walioshikilia African Sports, klabu ya mwaka 1936, na huwakumbusha wenzao kwamba Coastal ilizaliwa 1948, kwa hiyo mdogo amsalimu mkubwa. Utani huo nilikuwa nimeusahau. Niliposikia tena uwanja mzima ukiwaita Wagosi wa Kaya, wanaume wa nyumbani, nilijua kwamba kaya ni mahali ambapo hata ukishindwa mechi unarudi na watu mkiongea.

Nayataja haya kwa kirefu kwa sababu wazee wengi waliorudi hukaa ndani wakidhani matembezi ni anasa ya vijana au ya watalii. Gharama yetu ni nauli, kiingilio kidogo na chakula cha kuchanga. Faida yake ni kwamba unapata upya ramani ya kwenu kichwani, na unaipata ukiwa na wenzako. Mji niliouacha ulikuwa wa kumbukumbu. Huu wa sasa ni jiji tangu mwaka 2005, una watu wapya, majengo mapya, na huko Chongoleani ndiko linakoishia bomba la mafuta lenye urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda. Asiyetoka nje kuuona mji huu wa leo atabaki anaulilia ule wa jana.

Nilichotumwa

Kazi ya kwanza niliyoombwa ilikuwa ya daftari. Kina mama wanaouza samaki kwenye diko la Deep Sea wana kikundi cha kuweka na kukopa, na mwenyekiti wao alisikia kwamba nilikuwa mtu wa hesabu. Nilikwenda na kalamu za rangi mbili na nikakosea siku hiyo hiyo. Nilianza kuwaeleza namna tulivyokuwa tukifanya Dar. Walinisikiliza kwa heshima, wakanyamaza. Mkutano ulipokwisha mwenyekiti alinivuta pembeni. "Mwanangu," alisema, "sisi tulianza kuweka fedha hujarudi. Tuulize kwanza."

Niliwauliza. Nikajifunza kwamba hawaandiki mkopo kwa mwezi, wanauandika kwa bamvua, kwa sababu samaki huja na kuadimika kufuatana na maji, na wakati wa maji mafu hakuna anayeweza kulipa. Nilichokuwa nacho mimi ni safu tatu tu: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Tukaziunganisha safu zangu na kalenda yao ya mwezi mwandamo. Baada ya miezi mitatu nilimkabidhi daftari binti mmoja wa kikundi, na sasa anaandika vizuri kuliko mimi. Kazi ya kujitolea iliyonyooka ni ile inayomwandaa mtu wa kukurithi.

Kazi ya pili ilinijia kwa mwalimu wa kundi letu. Kila Jumatano alasiri nakaa na watoto wa darasa la nne, tunasomeana kwa sauti. Mtoto mmoja anashika kitabu, wengine wanasikiliza, kisha tunauliza maswali. Tumemaliza Adili na Nduguze, na walipokwisha kuisoma niliwachukua kwenda Machui wakaione nyumba ya mwisho ya mwandishi wake. Mmoja aliniuliza kama mtu anaweza kuwa karani na mwandishi kwa pamoja. Nilimjibu kwamba tunao ushahidi hapa chini ya miguu yetu.

Kazi ya tatu ni ya dakika chache, nayo wengi wa umri wangu hawajui kwamba wanaiweza. Mpango wa Taifa wa Damu Salama hupokea wachangiaji wenye miaka 18 hadi 65 wenye afya njema na uzito usiopungua kilo 50. Mwanamume anaweza kuchangia kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya miezi minne. Hospitali ya Bombo haikosi mama aliyepoteza damu wakati wa kujifungua, mtoto aliyechoshwa na malaria, kijana aliyeanguka na pikipiki. Juni 14, Siku ya Wachangia Damu Duniani, tulikwenda watu saba wa kundi letu. Watano tulikubaliwa. Wawili waliokataliwa kwa sababu ya shinikizo la damu walirudi na faida nyingine: walijua hali yao wakaanza dawa.

Na kazi ya nne ndiyo ile ya tope la Sahare.

Aliyepiga picha asirudi, hajapanda

Mkoko ni mti wa historia ya pwani nzima. Boriti zake zilisafiri kwa majahazi mpaka Oman na Ghuba, na humu mwetu ndizo zilizoamua upana wa vyumba vya nyumba za mawe, kwa kuwa chumba hakikuweza kuzidi urefu wa boriti. Mizizi yake inashika udongo usiliwe na mawimbi, na katikati ya mizizi hiyo kamba na samaki wachanga hujificha mpaka wakomae. Pwani ya Tanga iliteswa pia na uvuvi wa baruti kwa miaka mingi, matumbawe yakavunjika, na mvuvi mmoja mzee wa Sahare alituambia kwamba ukivunja nyumba ya samaki huko nje, ukakata na chumba cha watoto wao huku ndani, usimlaumu Mungu kwa kurudi na nyavu tupu. Na hazina zipo bado. Mwaka 2009 serikali ilianzisha Hifadhi ya Bahari ya Silikanti hapa kwetu, baada ya wavuvi wa jarife kuanza kumtoa kilindini samaki huyo ambaye wataalamu waliwahi kuamini kwamba ametoweka tangu enzi za dinosaria.

Mzee huyo ndiye aliyetuzuia tusiharibu kazi. Tulikuwa tumechagua mahali peupe, mbele kabisa, ambapo picha ingependeza. Akatuambia kwamba pale mbele ni pa mlilana, unaostahimili mawimbi. Mkoko unakaa nyuma yake, palipo na tope laini na maji yanayotulia. Tungepanda tulipotaka, bamvua moja lingebeba kila kitu. Wapo waliokuja kabla yetu na fulana mpya na kamera, wakapanda asubuhi, wakaondoka mchana. Miche yao haipo. Sisi tumejiwekea sharti: kila baada ya mwezi tunarudi kuhesabu iliyo hai, na palipokufa tunapanda tena. Aliyepiga picha asirudi, hajapanda.

Usafi wa ufuko tunaufanya Jumamosi ya mwisho ya mwezi, utaratibu uliotokana na ile Desemba 9 ya mwaka 2015, sherehe za Uhuru zilipofutwa, nchi nzima ikashika mafagio. Mifuko ya plastiki imepungua sana tangu ilipopigwa marufuku Juni 1, 2019. Kilichobaki ni chupa za maji, kandambili na vipande vya nyavu. Nyavu ndizo mbaya zaidi, kwa sababu zinaendelea kunasa hata zikiwa hazina mwenyewe. Tunazikata, tunazijaza kwenye magunia, tunazitoa ufukweni.

Na tukimaliza, tunakula. Hili naomba lisipuuzwe. Sufuria la bada au wali linakuwa limebandikwa tangu asubuhi, kila mtu ananawa miguu, tunakaa jamvini, vijana wanapiga soga, wazee wanapumzisha migongo. Nilipokuwa mtoto nyumba za udongo zilikandikwa hivyo. Mwenye nyumba aliita mtaa. Kina mama walichota maji, wanaume walikanyaga udongo, watoto tulibeba madonge, na kufikia adhuhuri ukuta ulikuwa umesimama na chakula kimeiva. Jioni zilisikika ngoma. Hakuna aliyeniambia kwamba asubuhi ilikuwa kazi na jioni ilikuwa starehe. Ilikuwa siku moja, yenye watu wale wale. Tulipohamia mijini tukavitenganisha: kazi ikawa ya mshahara, starehe ikawa ya kununua, na kusaidia kukawa ni kutuma fedha kwa simu. Kurudi nyumbani kumenifundisha kuvirudisha vitatu hivyo kwenye jamvi moja.

Kwa anayefunga vyombo

Najua wapo wasomaji wanaokaribia kustaafu wanaopanga kurudi Tanga, Mtwara, Lamu, Kigoma au kokote walikotoka. Nina maneno machache kwao.

Anza kurudi kabla hujarudi. Likizo zako za mwisho usizimalizie kwenye ujenzi wa nyumba peke yake. Nenda kwenye misiba, maulidi, kwaya, mechi na mikutano ya mtaa, ukajulikane sura. Nyumba nzuri isiyo na jirani ni ghala.

Usifike na majibu. Sikiliza angalau bamvua mbili kabla ya kushauri. Waliobaki hawakubaki kwa kukosa akili; wao ndio waliouguza wazee wetu, wakalinda makaburi na mipaka ya mashamba wakati sisi hatupo.

Toa ulicho nacho kweli. Kama ulikuwa dereva, fundi, muuguzi, mhasibu au mpishi, kuna mtu kwenu anayehitaji ujuzi huo Jumamosi hii. Kabla ya kujiunga na kikundi, uliza daftari lake liko wapi na nani analiona. Kikundi kinachoficha hesabu kitakuvunja moyo na kukuharibia jina.

Chagua kazi moja na tembezi moja, uvishike. Mwili wa miaka sitini una mipaka yake, na mtu anayejitwika kila kitu mwezi wa kwanza hulala mwezi wa tatu.

Na kwenu mliobaki nyumbani nina ombi. Katika mtaa wako yuko aliyerudi. Utamjua kwa kukaa barazani peke yake na kwa namna anavyoinuka haraka kila akisikia hodi. Msimwite mgeni rasmi, wala msimpe kiti cha mbele kila shughuli. Mtumeni. Mpeni ungo, mpeni koleo, mpeni mbuzi ya nazi, mwambieni maji yanatoka saa nne na miche iko tayari.

Ile tuliyopanda Jumamosi yangu ya kwanza tuliihesabu tena wiki iliyopita. Kati ya 300, iliyo hai ni 214, na mingine imeshatoa majani manne. Bamvua lijalo tunarudi kujaza mapengo. Uliyerudi na hujui uanzie wapi, njoo Sahare. Njoo peku.